Ramón y Cajal: Mchoraji aliyetuachia ramani ya seli za ubongo

ANAYETAZAMA leo ramani zinazoonyesha mahali zilipo seli za ubongo wa mamalia zinazotengeneza gesi ya nitriki oksidi huenda asitambue kwamba mistari ya kwanza ya ramani hizo ilichorwa kwa mkono, kwa kalamu na wino, katika chumba kimoja cha nyumbani mjini Barcelona mnamo 1888.

Mwenye mkono huo alikuwa Santiago Ramón y Cajal, daktari wa Uhispania aliyeaga dunia mnamo 1934. Hakuwahi kuisikia habari ya gesi hiyo kuwa mjumbe katika ubongo. Wala asingeweza, kwa kuwa jambo hilo lilijulikana miaka zaidi ya 50 baada ya kuzikwa kwake. Hata hivyo, wanasayansi walipokuja kuuliza ni seli zipi ziitengenezazo, na zimekaa wapi, walijikuta wakizitaja kwa maumbo aliyoyachora yeye.

Maisha ya mtu huyu yanastahili kusimuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, yanaeleza jinsi binadamu alivyokuja kujua kwamba ubongo wake umeundwa kwa seli zilizotengana, kila moja ikiwa na mipaka yake. Pili, yanaonyesha jinsi mtafiti aliyekuwa mbali na vyuo vikuu vilivyotajika, akiandika kwa lugha ambayo wakuu wa sayansi hawakuisoma, alivyoweza kuwafanya wamsikilize.

Mtoto mtundu wa Aragón

Cajal alizaliwa Mei 1, 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Babake, Justo Ramón, alikuwa mtu aliyejitoa katika umaskini kwa jasho lake mwenyewe. Alianza kama msaidizi wa kinyozi aliyefanya pia upasuaji, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo, kisha akajisomesha hadi akawa daktari kamili. Mzee huyo aliamini kwamba hakuna kinachopatikana ila kwa kazi, na akataka mwanawe mkubwa afuate nyayo zake.

Kijana naye alikuwa na lake. Alipenda kuchora kuliko chakula. Alichora kwenye karatasi, kutani na popote alipopata nafasi, na ndoto yake ilikuwa kuwa msanii. Babake aliuona usanii kuwa njia ya mkato ya kuingia katika ufukara, akamnyang'anya kalamu na rangi. Shuleni Jaca, kwa watawa waliosifika kwa ukali, Santiago alichapwa na kunyimwa chakula bila ya kubadilika. Akiwa na umri wa miaka 11, alitengeneza mzinga wa mbao, akaujaza baruti na kulibomoa lango la jirani. Utundu huo ulimpeleka korokoroni kwa siku chache.

Babake aliposhindwa kumnyoosha kwa kiboko, alijaribu njia nyingine. Alimtoa shuleni, akampeleka kwa kinyozi, na baadaye kwa fundi wa viatu, ili ajionee maisha ya asiye na elimu. Kijana alijifunza kushona viatu vizuri, lakini mkono wake haukuacha kuchora.

Suluhu ilipatikana mahali ambapo wengi hawangeitarajia: makaburini. Katika kiangazi cha 1868, mzee Justo alimchukua mwanawe hadi makaburi ya zamani ya Ayerbe, wakaokota mifupa ya binadamu iliyokuwa imetapakaa, wakairudisha nyumbani kuisoma. Alipomwagiza aichore, mfupa kwa mfupa, Santiago aliona kwa mara ya kwanza kwamba uchoraji na udaktari vingeweza kukaa chini ya paa moja. Samaki aliyedhaniwa ameshakauka akakunjika.

Kutoka Cuba hadi kwenye hadubini

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Zaragoza mnamo 1873, akiwa na umri wa miaka 21. Wakati huo babake alikuwa akifundisha anatomia katika mji uo huo. Punde si punde akaandikishwa jeshini, na mnamo 1874 akapelekwa Cuba, koloni ya Uhispania iliyokuwa ikipigania uhuru wake.

Huko hakuuawa na risasi, bali nusura auawe na mbu na maji machafu. Aliwekwa katika zahanati za jeshi zilizozungukwa na vinamasi, akaugua malaria na kuhara damu, akadhoofika kiasi cha kuondolewa jeshini. Alirejea nyumbani mnamo 1875 akiwa mifupa mitupu.

Mnamo 1877 alikwenda Madrid kufanya mtihani wa shahada ya uzamifu. Katika safari hiyo alionyeshwa vipande vyembamba vya mwili wa mnyama chini ya hadubini, na akili yake ikatekwa papo hapo. Katika Zaragoza ya siku hizo vifaa vya aina hiyo vilikuwa haba. Cajal aliamua kujinunulia hadubini kwa akiba yake, akajitengenezea maabara ndogo nyumbani na kujifundisha kwa vitabu.

Mwaka uliofuata alianza kutema damu. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, ambao wakati huo haukuwa na dawa. Alipona polepole kwa mapumziko na hewa ya milimani. Mnamo 1879 alimwoa Silveria Fañanás, mwanamke aliyebeba mzigo wa nyumba na wa watoto saba huku mumewe akitumia sehemu ya mshahara kununua kemikali. Wengi waliomjua Cajal walikiri kwamba bila uvumilivu wa mama huyo, kazi ya mumewe ingekwama mapema.

Alipata uprofesa wa anatomia katika mji wa Valencia, na hapo ndipo alipokutana na janga la kipindupindu la 1885. Serikali ya mkoa wa Zaragoza ilimtaka achunguze ugonjwa huo na chanjo iliyokuwa ikibishaniwa. Kwa shukrani ilimpa hadubini mpya ya kampuni ya Zeiss, ya daraja iliyotumiwa na watafiti wa Ujerumani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jicho sawa na la wenzake wa Ulaya.

Fedha nyeusi

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, sharti kwanza tufahamu tatizo lililowakabili wanasayansi wa enzi hiyo. Kipande cha ubongo kikikatwa na kuwekwa chini ya hadubini bila ya kutiwa rangi, hakionyeshi kitu ila ukungu. Kikitiwa rangi za kawaida, seli zote huonekana kwa pamoja, matawi yake yakiwa yamesongamana kama kichaka cha miiba. Haiwezekani kujua tawi hili linatoka kwenye shina lipi na linaishia wapi.

Mnamo 1873 daktari Mwitaliano, Camillo Golgi, alikuwa amegundua dawa ya ajabu. Aliloweka vipande vya ubongo katika daikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya madini ya fedha. Matokeo yake, seli chache tu, pengine chini ya 5 katika kila 100, zilijaa fedha na kugeuka nyeusi tititi, huku nyingine zote zikibaki bila rangi. Kwa nini fedha huchagua hii na kuiacha ile ni jambo lililowatatiza wataalamu kwa miaka mingi. Lakini iliyochaguliwa ilionekana nzima, kutoka mwili wake hadi ncha ya tawi la mwisho.

Ajabu ni kwamba kwa miaka 14 mbinu hiyo haikutumiwa na wengi. Ilikuwa na kigeugeu, leo ikifaulu na kesho ikikataa. Cajal aliionyeshwa Madrid mnamo 1887 na Luis Simarro, daktari wa akili aliyekuwa ameileta kutoka Paris. Alichokiona usiku ule hakikumtoka tena.

Mwaka huo huo alihamia Barcelona kufundisha histolojia, yaani elimu ya tishu za mwili. Huko alifanya mabadiliko mawili yaliyogeuza kila kitu. La kwanza, alirudia kutia fedha mara mbili ili rangi ikolee. La pili lilikuwa la busara zaidi. Badala ya kuhangaika na ubongo wa mnyama mzima, ambao nyuzi zake nyingi zimefunikwa na ala ya mafuta inayozuia fedha kupenya, alitumia ubongo wa vijusi na wa wanyama wachanga. Aliyeshindwa kuhesabu miti katika msitu mzito, alifikiri, na aende kwenye shamba la miche.

Vikapu vya 1888

Mei 1888 Cajal alichapisha toleo la kwanza la jarida alilolianzisha na kuligharamia mwenyewe. Zilitolewa nakala 60 tu, na nyingi ya hizo alizituma kwa wataalamu wa ng'ambo. Humo mlikuwa na makala kuhusu ubongo wa ndege, hasa sehemu iitwayo serebelamu. Huo ni ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, ambao husaidia mwili kujimudu na viungo kwenda kwa mpangilio.

Katika serebelamu mna seli kubwa zenye matawi yaliyotandazwa kama mti uliokandamizwa ukutani. Huitwa seli za Purkinje, kwa heshima ya mwanasayansi wa Bohemia aliyezitambua. Cajal aliona kwamba seli nyingine ndogo zilizo juu yake huteremsha nyuzi ambazo huizunguka miili ya seli za Purkinje kama vikapu vinavyoshika mayai. Kikapu kililizunguka yai, kililigusa kwa karibu sana, lakini hakikuungana nalo. Alitafuta mahali ambapo uzi wa seli moja ungeingia ndani ya nyingine, asipapate.

Muda mfupi baadaye alieleza pia seli ndogo mno zilizojazana chini ya zile za Purkinje, mithili ya punje za mtama, zinazopandisha nyuzi nyembamba hadi juu, ambako kila uzi hugawanyika pande mbili kama herufi T. Nazo pia zilipita na kugusa, zisiungane. Aidha aliona kwamba matawi ya seli za Purkinje yana vijiba vidogo kama miiba ya waridi. Wenzake walidhani ni uchafu wa fedha. Hadubini za elektroni zilipokuja katika miaka ya 1950, ilibainika kwamba miiba hiyo ni halisi na kwamba ndiyo sehemu ambazo seli hupokelea habari.

Jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Imani iliyotawala wakati huo, ambayo Golgi mwenyewe aliishikilia, ilikuwa kwamba mfumo wa neva ni wavu mmoja uliofumana, ambamo habari huzagaa kila upande kama maji katika mifereji iliyounganishwa. Kama ilivyo kwa wavu, haingewezekana kusema kazi fulani ni ya uzi fulani. Cajal alidai kinyume: ubongo ni jamii ya raia huru, kila mmoja na nyumba yake, wanaozungumza wakisogeleana mlangoni.

Miaka michache baadaye aliongeza kanuni nyingine. Habari, alisema, huingia kwenye seli kupitia matawi mafupi na mwili wake, kisha hutoka kupitia uzi mrefu uitwao aksoni. Ni barabara ya kwenda tu, hairudi. Kwa kanuni hiyo, mchoro uliokuwa umesimama kimya kwenye karatasi uligeuka kuwa ramani ya safari, na mishale midogo aliyoiweka katika michoro yake ilionyesha msafara unaelekea wapi.

Safari ya Berlin

Lakini ukweli usiosomwa haumfai mtu. Jarida la Cajal liliandikwa kwa Kihispania, na wataalamu wakuu walisoma Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Nakala alizozituma hazikujibiwa, au zilijibiwa kwa shaka. Ni nani aliyekuwa ameisikia Uhispania katika elimu ya hadubini?

Oktoba 1889 alikusanya akiba yake, akafunga hadubini na vioo vyake, akapanda gari la moshi hadi Berlin kwenye mkutano wa Chama cha Wanaanatomia cha Ujerumani. Kifaransa chake kilikuwa cha kubabaisha na Kijerumani hakukimudu. Aliona kubishana hakutamsaidia. Alipanga hadubini mezani, akawasihi wakubwa waje watazame kwa macho yao.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa Albert von Kölliker, bingwa wa histolojia aliyekuwa na umri wa miaka zaidi ya 70, ambaye hapo awali aliiamini nadharia ya wavu. Alitazama kioo cha kwanza, cha pili na cha tatu, akashawishika. Mzee huyo aliporudi kwake Würzburg aliirudia kazi ya Cajal, akaithibitisha na kuitangaza. Zaidi ya hayo, alijifunza Kihispania ili asome maandishi ya Cajal bila ya mkalimani.

Mnamo 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer alikusanya matokeo ya Cajal na ya wengine katika makala yaliyosomwa sana, akaipa seli ya neva jina la niuroni. Mnamo 1897 Mwingereza Charles Sherrington, aliyempokea Cajal nyumbani kwake London alipoenda kutoa mhadhara mnamo 1894, alilipa jina la sinapsi lile pengo ambapo seli moja hukutana na nyingine. Kwa hivyo maneno mawili yanayotajwa zaidi katika elimu ya ubongo yalibuniwa na wengine, lakini mambo yanayotajwa na maneno hayo yalionekana kwanza kwa uwazi chini ya hadubini ya Cajal.

Washindi wawili wasioelewana

Cajal alihamia Madrid mnamo 1892, na huko ndiko alikoandika kitabu chake kikuu kuhusu mfumo wa neva wa binadamu na wa wanyama wenye uti wa mgongo, kilichotolewa kati ya 1899 na 1904. Serikali ilipomjengea maabara na kumpangia mshahara, aliomba mshahara huo upunguzwe kwa kuuona umepita kiasi. Baadaye alipotakiwa kuwa waziri wa elimu alikataa, akachagua kubaki na hadubini yake.

Mnamo 1906 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa watu wawili: Golgi, aliyeibuni mbinu ya fedha, na Cajal, aliyeitumia kuona asichokiona mwenye kuibuni. Walikutana Stockholm mwezi wa Disemba. Wengi walitarajia maneno ya heshima kati ya mafahali hao wawili. Badala yake, Golgi aliutumia mhadhara wake wa tuzo kuishambulia nadharia ya niuroni na kuutetea wavu wake. Siku iliyofuata Cajal alisimama, akaeleza ushahidi wake hatua kwa hatua na kumtambua mwenzake kwa mbinu aliyoitoa. Waliagana wakiwa wametofautiana vilevile.

Kati ya seli zote alizozichora, kulikuwa na kundi moja lililomvutia kipekee: seli zenye aksoni fupi, ambazo hazitumi habari mbali bali huzungumza na majirani zake tu. Wengi walizipuuza kwa kuwa hazikuonekana kwenda popote. Cajal aliamini kwamba wingi na utajiri wa maumbo ya seli hizo katika ubongo wa binadamu una uhusiano na uwezo wake wa kufikiri. Hakuweza kusema zinafanya nini hasa. Alizichora, akaziacha kwa watakaokuja.

Alistaafu ualimu mnamo 1922. Mkewe alifariki mnamo 1930. Mnamo 1933, wakati nadharia ya wavu ilikuwa ikijaribu kuinua kichwa tena, mzee huyo wa miaka 81 alichapisha tena utetezi wa niuroni. Aliaga dunia Madrid Oktoba 17, 1934.

Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uhispania na kuwatawanya wanafunzi wake. Pío del Río-Hortega, mmoja wa waliovuma zaidi, alifia uhamishoni Buenos Aires mnamo 1945. Lakini michoro ilinusurika. Kumbukumbu za Cajal na za wanafunzi wake, zikiwemo maelfu ya michoro na vioo, ziliingizwa mnamo 2017 katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia.

Gesi isiyobisha hodi

Sasa turudi kwenye gesi tuliyoitaja mwanzoni. Nitriki oksidi ni kitu sahili mno: atomu moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Imo katika moshi wa magari, na kwa muda mrefu ilijulikana kama kichafuzi cha hewa. Mnamo 1988, miaka 100 kamili baada ya vikapu vya Cajal, John Garthwaite na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba seli za serebelamu ya panya zikichochewa hutoa mjumbe mwenye tabia zile zile za gesi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kujulikana kuwa hulegeza mishipa ya damu. Waliotangulia katika suala la mishipa, Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mnamo 1998.

Swali likawa: ni seli zipi katika ubongo ziitengenezazo? Mnamo 1990 David Bredt na Solomon Snyder, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, walikitenga kimeng'enya kinachoitengeneza gesi hiyo na kukitafuta katika ubongo wa panya. Katika serebelamu walikipata kwenye seli za vikapu na kwenye zile za punje. Katika seli kubwa za Purkinje hawakukipata. Yaani kikapu ndicho kilichokuwa na gesi, yai halikuwa nayo. Mpaka aliouchora Cajal kati ya seli na seli ulijitokeza upya, safari hii kwa alama ya kikemia.

Mwaka uliofuata siri nyingine ikafichuka. Tangu miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wakijua rangi ya buluu inayozipaka seli chache zilizotawanyika katika ubongo, ikizionyesha nzima, mwili na matawi, karibu kama fedha ya Golgi. Hakuna aliyejua seli hizo zina nini cha pekee. Mnamo 1991 ilithibitishwa kwamba kinachoivuta rangi hiyo ni kimeng'enya kile kile cha nitriki oksidi. Basi ramani ikachorwa kwa kasi.

Katika gamba la ubongo la mamalia, seli zinazopakwa sana rangi hiyo ni karibu 1 au 2 tu katika kila 100. Zimetapakaa kama nyumba za wachungaji katika mbuga, lakini nyuzi zake zimeenea karibu kila mahali. Hali ni kama hiyo katika striatamu, sehemu ya ndani inayohusika na mienendo ya mwili. Wengi wa wakazi hawa ni wa lile kundi la seli zinazohudumia majirani ambalo Cajal alilipa uzito, ingawa baadhi ya zile za gamba zimeonekana kutuma nyuzi mbali.

Zipo pia katika haipothalamasi, kwenye vituo vinavyotengeneza homoni za uzazi na za kudhibiti maji mwilini. Zipo katika sehemu zinazopokea harufu. Vilevile ziko katika shina la ubongo, kwenye makundi mawili ya seli yanayohusika na usingizi na kuamka. Mpangilio huo hutofautiana kidogo kati ya panya, paka, tumbili na binadamu, lakini sura yake kuu ni moja.

Kwa madaktari hili si suala la udadisi mtupu. Mnamo 1985 ilionekana kwamba katika ugonjwa wa Huntington, ambao huangamiza seli nyingi za striatamu, seli hizi za buluu hubaki hai huku jirani zake zikifa. Mnamo 1994 watafiti waliwachunguza panya waliozaliwa bila kimeng'enya cha neva cha kutengeneza gesi hii, wakakuta kwamba ubongo wao huharibika kidogo zaidi wanapopatwa na kiharusi. Gesi ile ile inayosaidia seli kuelewana katika hali ya kawaida huweza kuwa sumu ikizidi. Kujua ilipo ni kujua hatari ilipo.

Je, Cajal alikosea?

Hapa ndipo penye fundisho. Kanuni za Cajal zilisema kwamba seli huzungumza mahali zinapogusana, na kwa upande mmoja tu. Nitriki oksidi haifuati utaratibu huo. Haihifadhiwi katika vifuko kama wajumbe wengine. Hutengenezwa papo hapo, hupenya utando wa seli bila ya kubisha hodi, huwafikia majirani kadhaa kwa mkupuo mmoja, na hata huweza kurudi nyuma kwa seli iliyotuma habari. Kisha hutoweka upesi.

Wapo wanaoweza kusema kwamba kivuli cha Golgi kimepata cha kujivunia, kwa kuwa habari kumbe huweza kuenea pasipo kufuata uzi. Lakini huo ungekuwa ushindi wa jina tu. Golgi alidai kwamba seli zimeungana. Gesi haikuziunganisha; imevuka kuta ambazo Cajal alisema zipo. Na kama kuta hizo zisingekuwepo, isingekuwa na maana yoyote kuuliza ni seli ipi inayoitengeneza na ipi inayoipokea. Swali lenyewe la wapi linaisimamia hoja yake.

Kilichopungua ni sehemu ya kanuni yake ya pili, ile ya barabara ya kwenda bila kurudi, ambayo leo huchukuliwa kuwa sheria ya jumla yenye mambo yanayokwenda nje yake. Michoro haikupungua. Cajal alikuwa na nidhamu ya kutenganisha alichokiona na alichokidhania, na ndiyo maana dhana zake zinaweza kurekebishwa bila ya picha zake kutupwa.

Kwa mataifa ambayo lugha zake hazijapata nafasi kubwa katika maabara za dunia, maisha ya Cajal yana neno zaidi. Hakungoja Kihispania kiwe lugha ya sayansi ndipo aandike. Aliandika kwanza kwa lugha yake, kwa ushahidi usiopingika, kisha akaubeba ushahidi huo mgongoni hadi mlangoni pa waliokataa kusoma. Mzee wa Würzburg ndiye aliyelazimika kufungua kamusi.